Safari ya Kerege na mfuko wa vibonzo

Mkaa bure, walisema wahenga, si sawa na mtembea bure. Nami, ndugu msomaji, mwishoni mwa juma moja la hivi karibuni nilifunga safari ya kwenda Kerege, kijiji kilichoko kandokando ya barabara kuu iendayo Bagamoyo. Sikwenda kutazama bahari wala magofu. Nilikwenda kwa ajili ya mtoto mmoja, nikiwa nimebeba mfuko mmoja wa vitabu.

Mtoto huyo ni mpwa wangu. Dada yangu, ambaye ameolewa huko Kerege, alinipigia simu usiku, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kulia. Alikuwa ameitwa shuleni, akaelezwa kwamba mwanawe wa miaka 11, aliye darasa la tano, hawezi kusoma aya moja ya Kiswahili hadi mwisho. Jambo lililowashangaza walimu ni kwamba madaftari yake ni safi na mwandiko wake ni mzuri kuliko wa wenzake wengi. Kila kilichoandikwa ubaoni hukinakili bila kosa. Lakini ubao ukifutwa, naye amefutika.

"Kaka," dada aliniambia, "huyu mtoto haandiki. Anachora herufi."

Nilimjibu kwa uhakika wa mtu anayejiona mjuzi kwamba asihangaike, dawa ninayo. Mimi mwenyewe nilikolea katika kusoma kwa kupekua magazeti ya vibonzo ambayo marehemu baba alikuwa akiyaleta nyumbani. Siku iliyofuata nikafungua sanduku langu la zamani, nikajaza mfuko. Zilikuwamo nakala kuukuu za Sani, kitabu cha Abunuwasi kilichochorwa na Gado, kingine kiitwacho Mkasa wa Shujaa Liyongo, matoleo machache ya Shujaaz, na vitabu viwili vya Kifaransa vyenye picha za kupendeza ambavyo nilivichukua kwa ajili ya kutazamwa tu.

NDANI YA BASI

Basi la Bagamoyo niliondoka nalo Makumbusho. Lilipita Mwenge, likafika Tegeta chini ya kilima cha Wazo penye kiwanda cha saruji, kisha Boko na Bunju, na mwishowe likavuka Mto Mpiji, ambapo Mkoa wa Dar es Salaam huishia na Mkoa wa Pwani huanza. Abiria aliyekaa ubavuni mwangu, mtu wa makamo aliyekuwa amepakata ndoo ya rangi, aliiona pembe ya gazeti ikichungulia kutoka mfukoni.

"Samahani, ndugu," alisema, "hiyo si Sani?"

Nilimpa. Hakufungua kurasa tano kabla ya kucheka kwa sauti, na kicheko chake kikawavuta wa kiti cha nyuma. Mara basi zima likawa darasa la historia. Mmoja alimkumbuka Lodi Lofa, yule fukara mwenye majivuno ya tajiri. Mwingine akamtaja Madenge, mtoto mtundu. Mama mmoja akasema Ndumilakuwili hakufa, ila amehamia mtaani kwao.

Ni vema vijana wa leo wakajua kwamba vibonzo si kitu kigeni katika magazeti yetu. Tangu miaka ya mwisho ya 1960 wasomaji wa gazeti la Uhuru walikuwa wakimfuata Chakubanga, aliyebuniwa na mchoraji Christian Gregory. Nchini Kenya, Edward Gitau alimchora Juha Kalulu katika Taifa Leo kwa miongo mingi. Miaka hiyo hiyo yalienea magazeti ya hadithi za picha za kupiga kwa kamera, na hakuna kijana wa mjini ambaye hakumjua mpelelezi Lance Spearman na kofia yake. Kisha likaja Sani, lililoasisiwa na Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, ambao walichukua silabi za mwanzo za majina yao wakaunda jina la gazeti. Mchoraji wake aliyewapa uhai wengi wa wale tunaowakumbuka alikuwa Philip Ndunguru. Alifariki mwaka 1986 akiwa kijana wa miaka 24 tu, lakini watu wake wa kwenye karatasi wamekuwa wazee pamoja nasi.

Nilishuka Kerege nikiwa na furaha. Nilijiambia kwamba ikiwa basi zima limecheka, mtoto mmoja atashindwaje?

KEREGE YA LEO

Mgeni aliyeijua Kerege zamani atapata taabu kuitambua. Miaka ya 1960 jina lake lilijulikana kwa skimu ya makazi ya wakulima na kwa mikorosho. Mikorosho bado ipo, mikubwa, yenye matawi yaliyoinama hadi chini kama mbavu za jahazi, na vivuli vyake ni baridi hata saa saba za mchana. Lakini kati ya mkorosho mmoja na mwingine siku hizi pana kuta za matofali, mageti ya chuma na vibao vilivyoandikwa kwa rangi nyekundu kwamba kiwanja kinauzwa, au kwamba kiwanja hakiuzwi, jihadhari na matapeli. Jiji limevuka Mto Mpiji. Dalali wa viwanja amekuwa mtu maarufu kuliko bwana shamba.

Nyumba ya shemeji yangu iko mwendo wa dakika 20 kutoka barabarani. Nilipokelewa kwa shikamoo na marahaba, kwa maji ya kunywa na kwa mkeka chini ya mkorosho. Mama yake shemeji, ambaye sote tunamwita bibi, alinishika mkono muda mrefu akiuliza habari za mjini. Mpwa wangu alikaa pembeni akiutazama mfuko.

Lakini nilipoutoa mzigo wangu, shemeji aliyekuwa amejaa tabasamu alinyamaza. Alichukua nakala moja, akaigeuzageuza, akairudisha juu ya mkeka.

"Shemeji," alisema kwa upole, "nakushukuru kwa wema wako. Lakini picha zilikwisha kutuponza katika nyumba hii."

Sikumwelewa. Nilidhani ni yale maneno ya wazazi wengi, kwamba vibonzo ni vitu vya wahuni na wavivu. Nikajiandaa kumjibu baadaye kwa hoja nzito.

MTOTO AHADITHIA

Mpwa wangu alichagua nakala ya Sani, akaifungua mapajani, akaanza kumhadithia bibi yake. Ama kwa hakika mtoto huyu ana kipaji. Alieleza nani anamkimbiza nani, nani amekasirika na nani anajifanya hana habari. Aliigiza sauti nene na sauti nyembamba. Bibi alicheka hadi akafuta machozi kwa upindo wa kanga. Nami nilimtazama dada yangu kama mganga anayemtazama mgonjwa aliyepona kwa dozi ya kwanza.

Kisha nikainama nikaitazama karatasi yenyewe.

Maneno aliyokuwa akiyasema mtoto hayakuwamo. Katika vile viduara vya maneno vinavyotoka midomoni mwa watu, palikuwa na mazungumzo ya mkopo usiolipwa, naye alikuwa amesimulia habari ya kuku aliyeibwa. Hadithi yake ilikuwa nzuri, ilifuatana na picha hatua kwa hatua, lakini alikuwa ameitunga yeye mwenyewe. Nilimwekea kidole juu ya kiduara kimoja nikamwambia, "Mjomba, hebu nisomee hapa."

Kimya. Mtoto aliinamisha kichwa. Bibi akaacha kucheka. Shemeji, aliyekuwa akikarabati jembe upande wa pili, hakuinua uso, lakini nilijua kwamba amesikia.

Niliona aibu, si kwa ajili ya mtoto, bali kwa ajili yangu. Shuleni mtoto huyu alijificha nyuma ya mwandiko mzuri. Mimi nilikuwa nimemletea, kutoka mjini kwa nauli yangu, mahali pengine pazuri zaidi pa kujificha.

SHEMEJI AFUNGUKA

Usiku, baada ya chakula, shemeji alinieleza maneno yake ya mchana. Marehemu baba yake alikuwa na shamba la mikorosho. Miaka kadhaa iliyopita alikuja dalali na mnunuzi waliotaka kipande cha upande wa barabara. Mzee hakujua kusoma. Alionyeshwa ramani iliyochorwa vizuri kwa kalamu, na katika ramani ile aliiona mikorosho yake imebaki nje ya mstari. Akaridhika, akatia dole gumba. Maneno yaliyoandikwa chini ya ramani yalisema vingine. Siku ya kupima mipaka ndipo familia ilipofahamu kwamba mikorosho 12 imekwenda pamoja na kiwanja.

"Baba aliiona picha," shemeji alisema. "Picha haikumdanganya sana. Waliomdanganya ni maneno aliyoshindwa kuyasoma. Sasa naogopa, shemeji. Huyu mjukuu wake naye anatazama picha tu."

Sikuwa na jibu. Zile hoja nzito nilizoziandaa niliziacha zilale.

ABUNUWASI ALETA SULUHU

Asubuhi bibi ndiye aliyetuokoa. Alimwona Abunuwasi juu ya jalada, akauliza ni nani huyo. Nilipomwambia, akafurahi kama aliyeletewa salamu za ndugu. Ni nani katika pwani hii asiyemjua Abunuwasi? Papo hapo akatuhadithia kisa cha sufuria. Abunuwasi aliazima sufuria kwa jirani, akairudisha ikiwa na kijisufuria ndani yake, akasema imezaa. Jirani akapokea kwa furaha. Mara ya pili Abunuwasi hakuirudisha, akasema imekufa. Jirani alipobisha akaulizwa: uliposikia imezaa ulisadiki, kwa nini husadiki kwamba imekufa?

Tulipokuwa tunacheka, jambo moja likanijia. Mchoraji hodari anaweza kuchora sufuria kubwa na sufuria ndogo. Lakini hakuna mchoraji duniani anayeweza kuchora neno "imezaa". Kicheko chote cha kisa kile kimo katika neno hilo moja.

Nikamkabidhi mpwa wangu kitabu, akaanza kumhadithia bibi yake kama jana. Alifika ukurasa wenye watu waliosimama tu wakizungumza. Hapakuwa na anayekimbia wala anayepiga. Mtoto akatunga. Bibi akamkatiza.

"Hapana, mjukuu wangu. Abunuwasi ninayemjua mimi hasemi maneno baridi namna hiyo. Tazama vizuri kilichoandikwa."

Akatunga tena. Bibi akakataa tena. Bibi huyu hajapata kukaa darasani hata siku moja, lakini ameyasikia masimulizi ya Abunuwasi miaka zaidi ya 60, na hakuna awezaye kumuuzia Abunuwasi wa bandia. Hatimaye mtoto alikiinamia kiduara, akaanza kuunganisha silabi moja baada ya nyingine, kidole chini ya mstari, jasho likimtoka. Ilimchukua muda ambao maji ya chai yangechemka. Alipofika mwisho wa sentensi alinyamaza kidogo, kisha akacheka peke yake, kabla yetu sote. Alikuwa amelipata.

Sitaki kumdanganya msomaji. Hadi jioni ya Jumapili alikuwa amesoma kurasa mbili tu, na ya pili alikosea mara nyingi. Lakini zile mbili alizisoma, hakuzichora.

VITABU NINAVYOVIPENDEKEZA

Baada ya safari hii nimebadili namna yangu ya kupima vibonzo. Zamani niliuliza kama picha ni nzuri. Sasa nauliza, je, mtoto akifunika maneno kwa kiganja, hadithi inabaki nzima? Ikibaki nzima, kitabu hicho ni burudani nzuri, lakini hakitamfundisha kusoma. Ikivunjika, basi hicho ndicho cha kumnunulia.

Kwa kipimo hicho, cha kwanza ni Abunuwasi. Kilichorwa na Gado, yaani Godfrey Mwampembwa, mzaliwa wa Dar es Salaam ambaye tangu mwaka 1992 alipata sifa kubwa kwa vibonzo vya siasa katika magazeti ya Nairobi. Kitabu kilitolewa mwaka 1996 na shirika la Sasa Sema la Nairobi, ambalo lilifanya kazi ya kusifiwa ya kuchapisha vitabu vya vibonzo kwa Kiswahili. Kinafaa kwa mtoto wa miaka tisa na kuendelea, na zaidi kikisomwa pamoja na mtu mzima anayezijua hadithi hizi.

Cha pili, cha shirika hilo hilo, ni Mkasa wa Shujaa Liyongo. Watoto wa kiume watavutwa na mishale na vita. Lakini mzazi na amkumbushe mtoto kwamba katika kisa cha kale Liyongo hakutoka gerezani kwa nguvu za mikono. Alitoka kwa maneno. Alimtumia mama yake ujumbe kwa ushairi kupitia kwa kijakazi Saada, ili amwokee mkate wenye tupa ndani yake. Walinzi waliusikia ushairi wasiuelewe. Kwa kuwa mwisho wa Liyongo ni wa kusikitisha, wadogo sana wangoje kidogo.

Cha tatu, kwa vijana waliomaliza shule, ni Shujaaz, iliyoanza Kenya mwaka 2010 na baadaye kuwa na toleo la Tanzania. Kwa Kenya mhusika wake mkuu ni DJ Boyie, kijana asiye na ajira anayeendesha redio ya siri kutoka chumbani kwake, na habari zake ni za kilimo, biashara ndogo na haki za raia. Mwaka 2012 ilipata tuzo ya kimataifa ya Emmy. Lugha yake ni ya mitaani, nami sitaificha kasoro hiyo kwa msomaji anayependa Kiswahili sanifu. Hata hivyo kijana asiyegusa kitabu chochote ataigusa hii.

Nakala za zamani za Sani ninazipendekeza kwa wakubwa. Watoto wazisome chini ya uangalizi, kwani mizaha mingine si ya umri wao. Kwa wakubwa zina faida ya pekee: ni kumbukumbu ya jinsi watu wa Dar es Salaam walivyovaa, walivyopanga foleni na walivyotegana.

Vile vitabu viwili vya Kifaransa vinastahili maneno machache. Kimoja ni Madame Livingstone, kilichotoka mwaka 2014, kazi ya mchoraji Barly Baruti wa Kisangani pamoja na mwandishi Christophe Cassiau-Haurie. Kinahusu Vita Kuu ya Kwanza katika Ziwa Tanganyika na meli ya Wajerumani iitwayo Graf von Götzen, ambayo sisi tunaijua kwa jina la Liemba. Baadaye kilifasiriwa kwa Kiingereza. Kingine ni Kililana Song cha Benjamin Flao, kilichotoka katika sehemu mbili mwaka 2012 na 2013, kuhusu mtoto Naïm wa Lamu anayekwepa chuo cha Kurani na kuzurura mjini. Mpwa wangu alivitazama kwa muda mrefu kuliko vyote. Alizitambua ngalawa, kanga na minazi. "Mjomba, hawa ni watu wa kwetu," alisema, "mbona hawasemi Kiswahili?" Swali hilo ninawapelekea wachapishaji wetu kama lilivyo.

NENO KWA WAZAZI

Kabla ya kuondoka nilizunguka maduka ya kandokando ya barabara pale Kerege. Nilikuta vocha za simu, unga, mabati na saruji. Kitabu sikukiona. Kitabu kizuri kisichofika kijijini si kitabu cha kijiji, hata kingesifiwa namna gani katika gazeti. Kwa hiyo nawaomba wenzangu wa mjini wanaokwenda kusalimu ndugu mwisho wa juma: pamoja na sukari na mkate, tieni kitabu kimoja mfukoni. Familia tatu zikinunua kimoja kimoja na kubadilishana, kila nyumba itakuwa imesoma vitatu. Na mzazi akishampa mtoto kibonzo, asiende zake. Akae naye, amsikilize, na pale anapotilia shaka aulize kama bibi yule alivyouliza: je, ndivyo ilivyoandikwa?

Nakala zote nimeziacha Kerege. Shemeji alinisindikiza hadi kituoni akiwa amechukua bahasha ya plastiki kwapani. Tulipokuwa tunangoja basi alinifungulia. Ndani yake mlikuwa na ile karatasi ya mauzo, yenye ramani nzuri juu, mistari ya maneno chini, na alama ya dole gumba la marehemu baba yake.

"Akimmaliza Abunuwasi," alisema, "nitampa na hii anisomee."

Basi likaja, tukaagana. Nimeahidi kurudi kabla ya msimu wa korosho kwisha.